Kipimo cha Kiwiko

Baba hakutaka kupimwa. Mambo yetu yalianza kuharibika hapo, ingawa sasa nikifikiria sijui kama kupimwa kungebadilisha kitu.

Alikuwa fundi wa kukereza. Ifakara mafundi wa kuranda mbao na kupigilia misumari wapo kila kona, ila wa kukereza miguu ya vitanda alikuwa yeye tu. Mashine yake ilitoka kwenye karakana ya zamani ya wamisionari, chuma kizito cheusi kimekaa juu ya miguu minne ya mvule, na maandishi ya kizungu ubavuni yameshalika hata huwezi kuyasoma. Kipande cha mninga kinafungwa katikati ya ncha mbili, mota inakizungusha, na fundi anaegemeza patasi kwenye chuma kilichosimama mbele ya ule mti, anaisogeza polepole. Mti wa pembe nne unakuwa mviringo, unapata shingo, unapata pete. Vitanda vya baba vilikuwa na pete tatu chini kabisa, nyembamba. Ukiingia nyumba yoyote mjini ukaziona, unajua kimetoka kwetu.

Nilikuwa kidato cha pili lori la magogo alilopanda kutoka Uchindile lilipoteleza kwenye tope, gogo likamwangukia kiunoni. Alirudi kutoka hospitali masika yakiwa yanaisha. Miguu ilikuwa haisikii kitu, lakini mikono ilikuwa mizima kabisa, na hiyo mikono ndiyo ilitudanganya. Kila aliyekuja kumpa pole aliishika na kuibinya, akasema fundi bado tunaye. Baba alilala ameangalia ukuta, chakula anakula kidogo, na mama akimuuliza kitu anatikisa kichwa tu. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na beseni la maji bila kujua niseme nini. Hata siku za kawaida mimi si mtu wa maneno.

Kuna mfugaji mmoja wa Kisukuma, ng'ombe wake anawalishia upande wa Chita. Kabla ya ajali alikuwa ameagiza kitanda cha binti yake anayeolewa. Akaja siku moja, akasalimia, akaketi muda mrefu na fimbo yake magotini. Baba mdogo, ambaye alifanya kazi na baba karakanani lakini zaidi kwenye kuranda, akamwambia ile miguu ataikereza yeye. Yule mzee akakataa kwa upole. Akasema anataka zile pete za huyu mwenyewe, na yeye hana haraka, harusi ni baada ya mavuno.

Alipoondoka baba akageuka kutoka ukutani.

"Mashine ina vumbi?" akauliza.

Mama aliweka mwiko chini akaenda kulia jikoni. Ndipo nilipojua tunachotafuta. Akirudi kwenye mashine, baba atarudi. Asiporudi, tutabaki na huyu anayeangalia ukuta.

Mpango ulikuwa wa baba mdogo. Baba mwenyewe alitufundisha wote kwamba ncha za mashine lazima ziwe sawa na kiwiko cha fundi. Zikiwa juu, mabega yanachoka. Zikiwa chini, mgongo unakufa. Kwa hiyo kama fundi atafanya kazi ameketi, mashine ishushwe mpaka kwenye kiwiko chake akiwa ameketi. Baba mdogo akakata mikono ya kiti kimoja ili viwiko vipite, akatafuta mpira wa tairi wa kumfunga kifuani asianguke. Mipini ya patasi akaifupisha, maana mirefu ingegonga kiti. Kile chuma cha kuegemezea patasi nacho kilikuwa kirefu mno, basi fundi wa kuchomelea akatengeneza kingine, nguzo yake ni bomba la kiti cha baiskeli. Kikabaki kipimo.

Kwetu karakanani majeneza nayo yalikuwa yanatengenezwa. Marehemu anapimwa kwa kamba akiwa amelala, kamba inapigwa fundo, na siku ya mazishi kamba hiyo inaingia naye kaburini, haitumiki tena kwa kitu kingine. Ndiyo maana mafundi wa pale hawakukubali kuwekewa kamba, hata kwa mzaha. Shati baba alishonewa kwa kupima shati la zamani. Baba mdogo alipoingia chumbani ameshika kamba, baba alimtazama mpaka ikarudi mfukoni.

"Fundi mwenzangu akiniwekea kamba," akasema, "anajua anachotengeneza."

"Kaka, ni kiwiko tu."

"Na jeneza linaanzia hapo."

Baba mdogo akatoka, akanikuta uani nasugua sufuria. Watu wote wanasema mimi ni baba mtupu: urefu, mabega, hata vidole. Akaniambia nikaketi mahali pa kaka yake. Nilitamani ardhi inimeze. Mlangoni pa karakana kulikuwa na vijana wa baiskeli wanaotazama, na mimi nina sketi ya shule. Niliketi kwenye kile kiti nimebana magoti.

"Kaa kama mzee," baba mdogo akasema. "Umekaa kama unasubiri kipaimara."

Vijana wakacheka. Nilivyochekwa ndivyo nilivyozidi kunyooka. Akanyoosha kamba kutoka chini mpaka kwenye kiwiko changu, akapiga fundo, akachukua msumeno. Ule mvule ulikuwa mgumu, alikata kuanzia asubuhi mpaka adhana ya mchana ikapita. Vile vipande vinne vilipoanguka mama aliviokota, akavipanga ukutani kama mtu anayetunza vitu vya mgonjwa.

Siku iliyofuata wakambeba baba. Alikuwa amenyolewa, amevaa shati safi. Walipomketisha na kumfunga ule mpira, nikaona kosa kabla mtu hajasema. Mimi kiuno changu kinanishika. Cha baba hakikumshika. Alizama kwenye kiti kama gunia la mpunga lililotobolewa, na ncha za mashine zikawa usawa wa kifua. Baba mdogo akasema si kitu, tutashusha. Akakata tena. Baba akazama tena, upande mmoja zaidi. Akakata tena. Mwisho mota ikawa inakaribia kugusa chini, wakachimba shimo kwenye sakafu ya udongo waitumbukize humo. Hakuna aliyetaja kamba. Baba mwenyewe aliangalia tu, jasho linamtoka kwa kuketishwa.

Mashine ikawashwa. Ule mlio nilikuwa sijausikia tangu masika. Baba akaweka patasi. Maranda yakaanza kutoka marefu, yanajikunja, yanamwangukia kwenye mapaja asiyoyasikia. Mti ukawa mviringo. Baba mdogo akanipiga bega, na mama aliyesimama mlangoni alikuwa ameshika kanga mdomoni. Kwa muda huo mfupi niliamini kabisa. Nasema wazi kwa sababu ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba niliamini.

Kisha akafika kwenye shingo. Hapo fundi lazima aende pamoja na mti. Nilimwangalia baba miaka yote nikileta chakula, na nilikuwa nimeona bila kujua ninachoona: mpini umebanwa pajani, uzito unatoka mguu mmoja unahamia mwingine, mwili wote unayumba kidogo kama mtu anayebembeleza mtoto. Mikono inashika tu. Sasa alikuwa na mikono peke yake. Patasi ikatetemeka, ikang'ata, mti ukachomoka ukagonga ukuta. Wakafunga mwingine. Nao ukaruka. Safari hii kifua chake kilikuwa kinajisukuma dhidi ya ule mpira, kulia, kushoto, kinatafuta kitu hapo chini ambacho hakipo.

Akanyoosha mkono akazima mwenyewe.

"Tushushe kidogo tena, kaka," baba mdogo akasema.

"Si urefu."

"Kidogo tu. Nusu kidole."

"Nilikuwa nakereza kwa miguu," baba akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyeulizwa njia. "Hata mimi sikujua."

Tulimrudisha ndani. Njiani mkono wake ulikuwa shingoni kwangu, bado una nguvu zilezile, na ilikuwa vigumu kuustahimili.

Jioni hiyo, kabla ya taa, nilimpelekea uji. Kamba yenye fundo nilikuwa nayo, niliiokota karakanani nikihofia isibaki ovyo. Akaiona mkononi mwangu.

"Nipime," akasema.

Nikasema hapana baba. Nadhani lilikuwa neno la kwanza la kumkatalia maishani mwangu. Akasema nipime, hakuna cha kulinda tena hapa. Akajiinua kwa mikono akaegemea ukuta, nikamshikilia, nikaweka kamba kutoka sakafuni mpaka kiwikoni, na fundo langu likapita juu kwa upana wa kiganja. Akaliangalia kwa makini, vile alivyokuwa anaangalia kazi ya mwanafunzi.

"Hata lingekuwa sawa," akasema. Akailaza kamba chini ya mto wake, na mimi nikaiacha hapo.

Mashine haikurudi juu. Mvule ukishakatwa umekatwa, na vile vipande havikuweza kubeba mtikisiko tena. Miguu ya kitanda cha yule Msukuma aliikereza baba mdogo, ameinama magoti yamepanuka kama mtu anayepanda mpunga, anasimama kila mara kushika mgongo. Pete zilitoka nene, zimelala upande. Yule mzee alipokuja baada ya mavuno alizipitishia kidole, akashukuru, akaingia kumsalimia baba, akatoka mapema. Akafunga mbao zake kwenye baiskeli bila kusema neno baya.

Chumba cha baba kina dirisha linaloangalia karakana. Patasi ikishikwa vibaya inalia, na sisi sote nyumbani tunaujua mlio huo. Asubuhi moja kazi ilipoanza nilikuwa namfulia shuka. Patasi ikalia, ikanyamaza, ikalia. Baba alikuwa amegeukia ukuta.

"Mama," akaniita, "funga dirisha."

Nikafunga. Patasi ilisikika bado.