Mnada na Benchi la Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilinadi mpaka sauti ikakauka, na mtu mmoja tu akanijibu. Nilikuwa mnadi wa pweza kwenye mwalo mmoja wa Tanga, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Mnadi hutaja bei ya kuanzia, wanunuzi hupandishiana, na anayetaja bei ya mwisho ndiye hubeba fungu. Siku hiyo dalali Sefu, mmoja wa wanunuzi, alipandisha mara moja. Wenzake walikuwa wakitazama kucha zao.

Nikamwendea mkuu wa mwalo. "Shikamoo, Mwenyekiti. Mbona hawashindani?"

"Marahaba. Wametokea wapi hao?"

"Benchi la kahawa."

"Basi ndoa wameshafunga huko. Wewe huku unapiga vigelegele tu."

Kweli. Kila asubuhi madalali waligawana zamu za kununua vikombe vikiwa mkononi. Nikajifunza kwamba wanunuzi wanaweza kuwa wengi na ushindani usiwepo.

Aliyeumia ni Bi Zaina wa Tongoni, aliyeokota pweza mwambani siku za bamvua, maji yanapokupwa sana. Barafu hakuwa nayo. Akikataa bei, pweza wanaharibika.

"Mnadi," aliniambia, "bei ikiwa hii hii, naacha pweza, narudi kwenye mihogo."

Jioni nikaenda Ngamiani kwa kina mama wanaouza pweza wa kukaanga. Wao walinunua kwa Sefu, bei ikiwa imeshanenepa. Nikawaalika mwaloni.

"Fungu zima nilipeleke wapi, baba?" akacheka Mama Rukia, mkubwa wao.

Kumbe kilichowazuia ni ukubwa wa fungu, ambalo mwenye gari tu ndiye aliyelimudu. Mwenyekiti akakubali tuyafanye mafungu madogo.

Kesho yake Sefu akataja bei yake ya kila siku.

"Naongeza!" ikatoka sauti nyuma.

"Mama Rukia, hapa hatuuzi mchicha," akadakia Sefu.

"Ndiyo maana nimekuja na beseni. Wewe umekuja na kikombe."

Watu wakaangua kicheko. Sefu akapandisha, Mama Rukia akapandisha. Dalali mwingine, kwa hofu ya kurudi mikono mitupu, naye akapandisha. Sefu akamgeukia kwa hasira: "We! Leo si zamu yako!"

Mwenyekiti akasogea mbele.

"Zamu ya nini, Bwana Sefu?" akauliza Mwenyekiti, taratibu.

Tangu hapo zamu zikafa, na Bi Zaina hakurudi kwenye mihogo.

Sasa nimestaafu. Muuza kahawa huzunguka na birika mnadani. Madalali hunywa wamesimama, kila mmoja akimchungulia mwenzake. Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, kabla ya kuuliza bei, tazameni wanunuzi wamekaa wapi.

Juzi nilipita kusikiliza mnada, nikasimama mbele.

"Mnadi," akanifokea Bi Zaina, "si umestaafu? Sogea, unanizibia wanunuzi!"

Nikasogea. Nikaenda kukaa kwenye benchi la kahawa, peke yangu.