Kumfuata Mwanangu Melini

Kitindamimba wangu anaosha vyombo kwenye meli ya watalii. Jina la meli hiyo ninalo kichwani, maana majina hayanipotei, ila humu sitaji la mtu wala la chombo. Alipiga simu kwamba watafika Dar es Salaam asubuhi na kuondoka jioni. Baba yake, ambaye macho yamezimika, akaniambia, "Nenda ukamwambie arudi. Shamba la Magamba linaota msitu." Nikapanda treni na furushi la michembe, viazi vyetu vya kukausha. Nilishuka miguu imevimba kama si yangu.

Binti yangu anayeishi huko Dar aliniacha kwenye geti la bandari, akawahi kazini. Mimi niliolewa Karema, ziwani, kabla hatujahamia tuliko sasa. Kule meli husimama mbali majini ikapiga honi, sisi tukaifuata kwa mitumbwi. Basi nikakaa kuvizia maji. Jua likapanda. Nikamuuliza askari wa geti, "Baba, mitumbwi ya kwenda melini iko wapi?"

"Meli ipi, bibi? Ya watalii au ile ya kivita ya wageni?"

"Vita nina shida navyo gani miye? Ya watalii."

Akacheka mpaka akashika mkanda. "Si hiyo hapo mbele yako!"

Kumbe lile jengo jeupe la madirisha mengi, nililokuwa nalilaumu kwa kunizibia bahari, ndiyo meli yenyewe.

Mwanangu akapewa ruhusa fupi, akatoka. Amekonda, vidole vimechunika kwa sabuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nyie hamlishwi huko?"

"Chakula kipo mama. Usingizi ndio hakuna."

Tukakaa kwenye benchi la mama ntilie. Akatafuna mchembe, mimi nikasafisha koo nianze neno la baba yake. Kichwa chake kikaniangukia begani. Amelala, kipande bado kiko shavuni.

Nikatulia hivyo hivyo, bega linakufa ganzi. Watoto wa shule walipita wakitoka kutazama mizinga ya ile meli ya kivita, kelele tupu. Hakushtuka.

Mama ntilie ndiye aliyempigia kelele. "Wewe baharia, wenzako wanaingia!"

Akaruka. "Mama, mbona hukuniamsha? Ulikuwa na neno?"

"Kimbia, watakuacha."

Nilipofika nyumbani Nsemulwa, mzee alinisikia kabla sijavua kandambili.

"Anarudi lini?"

"Amechoka," nikamwambia.

 Akasogea kwenye mkeka, nipate pa kukaa.