Farasi wa Papa

Vijana wa hapa Bwiza wanacheza sataranji kwenye simu, wananiuliza, "Muzee, we unaijua?" Nasema apana. Na kweli siijui, ingawa nilifundishwa.

Papa alikuwa fundi wa magari. Presha ilimwangusha garajini, mkono na mguu wa kulia vikafa. Mwanzoni rafiki zake walikuja baada ya swala ya alasiri, wakacheza naye sataranji barazani. Halafu wakapungua. Siwalaumu sana, mtu anayetokwa mate ukiwa mbele yake, unamtazama wapi? Wa mwisho aliacha kuja bila kuaga. Mama akaniita jikoni, alikuwa anachambua mboga za lengalenga.

"Jifunze mbio," akasema. "Ule mchezo ndio unamufanya Papa yako aongee. Akikosa wa kucheza naye, tutabaki na mutu wa kutazama ukuta."

Shule niliacha mapema, lakini kubuguza nilikujua, ule mchezo wetu wa mbegu na vishimo. Niliwashinda hata wauza mkaa, watu wakali wale, wanacheza huku wanakutukania ukoo. Sasa kule ukila mbegu za mwenzako unazipanda upande wako, zinakuchezea wewe. Basi nilipomla farasi wa Papa mara ya kwanza, nikamsimamisha upande wangu, meno yote nje.

Papa alicheka mpaka akakohoa. "We mutoto! Uyo amekufa. Muweke pembeni."

"Amekufa namna gani, na mi nimemukamata muzima?"

"Hapa hatupandi. Hapa aliyekufa amekufa."

Nilielewa. Kichwa kilielewa, mkono ukakataa. Kila nikila kete, mkono unaipeleka kwangu. Kicheko cha Papa kikaisha, kikaja kofi la ule mkono uliobaki, yakaja matusi: "Kichwa kama jeki inayovuja!" Mi sikuyachukia. Mtu anayekutukana bado anaongea na wewe.

Siku moja ya mvua nikamla farasi, nikamsimamisha upande wangu tena kabla sijajishtukia. Nikainamisha shingo kungoja kofi. Papa akautazama ubao. Akasukuma askari wake mbele, kimya. Nikala na mnara wake, nikausimamisha kwangu makusudi. Kimya. Mwisho nikamzingira mfalme wake kwa kete zake mwenyewe.

Nikakimbilia jikoni. "Mama, nimemushinda Papa!"

"Namna gani?"

Nikamwelezea. Mama akaweka kisu chini.

"Na hakusema kitu?"

"Hakusema."

Akakaa juu ya gunia la mkaa, na siku hiyo alikuwa amevaa kitenge chake kizuri.

Nikarudi barazani mbio, nimwombe tuanze upya. Alikuwa ameshageuza uso ukutani.

"Papa, ona, uyu amekufa. Namuweka pembeni."

Nikamweka farasi pembeni. Hakugeuka. Nikaweka na mnara, na askari, moja moja, nikitaja kila kete kwa sauti, mpaka ubao ukabaki mtupu.