Mrehani wa Kaburini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bado mke mgeni hapa Magunga, nilichuma mrehani mahali usipochumwa. Mama mkwe tulikuwa tumemzika uani, mbele ya nyumba yake. Mrehani wake wa kando ya jiko ukakauka wote. Juu ya kaburi, ambako hakuna aliyepanda kitu, ukaota mwingine mnene.

Baba mkwe macho yalikuwa yamekwisha, haoni kitu, na tangu mazishi alikataa chakula. Alikuwa akitutoka hivi hivi tunamwona. Mimi na kiherehere changu nikasema, ngoja nimpikie samaki wa ngege jinsi marehemu alivyompikia: nyanya, kitunguu, na mrehani unatiwa mwisho, sufuria ikishaepuliwa. Nikamwekea sahani, nikatoka kimya, maana kwetu Waluo mkaza mwana hapigi soga na baba mkwe. Nikiwa mlangoni nikamsikia: "Umerudi lini?"

Sikujibu. Hapo ndipo nilipokosea. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, basi kesho yake nikachuma tena, na kesho kutwa. Mzee akapata nguvu. Akaanza kutaka sahani mbili, akawa anaongea na kigoda kitupu, anacheka. Na ile sahani ya pili niliiosha kila siku ikiwa tupu, ilhali mzee mwenyewe hakuwa mlaji. Niliogopa sana. Lakini badala ya kuacha, niling'oa mrehani wote, nikauanika kivulini, nikautia kwenye kopo usije ukaniishia.

Mchana mmoja akaniita kutoka ndani. "Mwambieni fundi aanze jeneza. Mke wangu amesema Jumapili nimfuate."

Nikakimbilia sokoni kwa Bi Zuhura, mama wa Mombasa mwenye duka la viungo, aliyempa marehemu mbegu za kwanza. Nikamweleza yote, nikampa kopo. Alilifungua, akanusa, akalifunga.

"Kwetu mrehani tunamwekea maiti," akasema. "Ukishampa, humnyang'anyi. Wewe unamlisha mzee kaburi kwa sababu unaona haya kufungua mdomo?"

Nikarudi, nikamwaga majani yote pale kaburini, nikaenda mlangoni kwa mzee. "Baba, anayekupikia ni mimi, Akinyi."

"Nilijua mkono si wake," akasema. "Lakini humu ndani ni nani mwingine aliyenisemesha?"

Nililia, mwanangu. Tangu siku hiyo kila mlo nilikaa kizingitini nikimsimulia habari za sokoni. Jumapili ikapita, na zikapita nyingine nyingi.

Basi mrehani wako upande kando ya jiko, uchume asubuhi kabla haujatoa maua, uanike kivulini, na usifunge kopo mpaka majani yakauke kabisa. Hayo hata jirani atakufundisha. Langu mimi ni hili: mzee wa nyumba yako msemeshe wewe, usiwaachie wafu kazi hiyo. Mungu akujalie watu wa kula nawe, na kila sahani utakayoandaa, umjue aliyeimaliza.