Nyama ya Samaki Haisahau Mlo

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu, hasa hapa sokoni Runzewe. Mimi niliapa juzi, ndiyo maana nakuambia wewe tu na wasomaji wote wa gazeti hili.

Binti wa chuo, aliyewahi kuchunguza samaki wa matumbawe huko pwani, alikuja na boksi la barafu, akaomba kipande cha nyama kwa kila muuza samaki. Jirani yangu, ambaye miaka yote hutuuzia “sato wa ziwani”, akamkatia.

“Si ungetazama tumbo tu, mwanangu?” jirani akauliza.

“Tumbo linasema alichokula leo, mama. Nyama inatunza alama ya mlo wa miezi. Tukipima kaboni yake, aliyelishwa pumba za mahindi bwawani hafanani na wa ziwani.”

Kisu kikasimama. Jirani akafuta meza iliyokuwa safi, akapanga samaki upya, akafuta tena.

“Na majibu mtayaleta huku?”

“Nitayabandika getini, kila mteja asome.”

Kisha binti akatia kila kipande katika kichupa chenye jina la muuzaji, akaliacha boksi pale, akaja kwenye nyanya zangu. “Shikamoo, bibi.” Nikaitikia marahaba huku macho yangu yakiwa kwa jirani, maana mguu wake haukutulia.

“Mayu!” nikapaza sauti kumwita jirani, yaani mama kwa Kisukuma. “Umepoteza nini humo?”

Soko zima likageuka. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya boksi la binti, umeshika kichupa chenye jina lake. Wa pili ulikuwa na kipande cha sato alichochomoa kwenye meza ya pili, kwa yule anayewaleta wa ziwani kweli.

“Naangalia kama barafu imeyeyuka,” akasema.

Na maabara ilikuwa haijapima hata mmoja.