Pindo la Vidole Vinne

Siku ya tatu ya kuzunguka shule, fundi cherehani alivua viatu mlangoni kwa mdogo wake, akajitupa kwenye kochi bila hata kuitikia pole. Miguu imevimba, mgongo unalalamika, kichwani zimejaa sauti za walimu wakuu. Uchovu huo acha tu.

Majirani aliwaaga kwamba anakwenda kutembelea ndugu. Kumbe alikuja na binti yake wa pekee kumtafutia shule, mtoto wa miaka tisa, waliyembandika jina la Kifungo tangu alipomeza kifungo cha koti la mteja. Kule kwao mwalimu mmoja alibeba madarasa matatu, na Kifungo, pamoja na ujanja wake wote, bado alikuwa anasoma kwa kukisia. Mdogo mtu, ambaye ni nesi, alisema mwaka mzima: mlete akae kwangu, huku shule zipo. Kusema ni rahisi. Kati ya nyumba hizi mbili kuna safari ya kutwa nzima.

Shule ya kwanza ilikuwa na maua na geti jipya, na mwalimu mkuu aliwasomea matokeo ya miaka sita mpaka miayo ikamtoka fundi. Yeye alikuwa anatazama sare. Huo ndio ugonjwa wake, hamwoni mtu kabla hajaona mshono wake. Watoto wale walinyooshwa kama wanaokwenda kupigwa picha, hakuna goti hata moja lenye vumbi, akajiuliza wanacheza saa ngapi. Shule ya pili walipigwa danadana tangu asubuhi: mkuu yuko kikaoni, mkuu ametoka, njooni kesho. Leo, shule ya tatu, aliona viwiko vyenye viraka, tena viraka vya mtu aliyetulia akavishona, na darasani mtoto alikosea kusoma na wenzake hawakumcheka. Basi, yakaisha. Akamwandikisha Kifungo, akanunua kitambaa, na sasa yuko kwenye kochi anatamani kulia na hana hata nguvu ya kulia.

Nesi akamsihi apumzike, sare atashona kesho.

"Kesho naondoka," fundi akasema.

Wakaazima cherehani ya jirani. Kifungo akakaa chini ya meza kuokota pini, kama alivyokulia chini ya cherehani ya mama yake. Siku zote tatu alikuwa mpole kupita kiasi, kila aambiwalo anaitikia, mpaka mama yake mdogo akamsifu kwa adabu. Fundi hakuupenda upole huo hata kidogo.

Alipofika kwenye pindo la sketi, mikono ilikunja yenyewe kitambaa upana wa vidole vinne. Kifungo akaacha pini. Mambo ya pindo alikuwa akiyasikia kwa wateja tangu hajaota meno: vidole viwili, sketi ya mwaka mmoja; vinne, mzazi hataki kurudi kwa fundi karibuni.

"Mama, hilo ni la miaka miwili."

Fundi akajifanya anatafuta uzi. Akasema ameliacha ili mama mdogo awe analishusha kila mtoto akirefuka.

"Mama mdogo hajui kushona."

Ukweli mtupu. Nesi alikuwa jikoni, akaendelea kuosha vyombo.

Kifungo akachukua mkasi, akampa mama yake kwa upande wa kushikia, kama alivyofundishwa. "Kata. Acha kidole kimoja tu. Ikinipanda magotini, uje unishonee nyingine."

Miaka yote ya kazi fundi alikuwa amewagombeza watu wanaopoteza kitambaa. Akapima kidole kimoja, akapima tena kwa kuwa machozi yalimziba macho, kisha akakata.

Kifungo akaokota kipande kilichoanguka, akakikunja vizuri na kukitia kwenye mkoba wa safari wa mama yake.

"Cha kulinganishia rangi," akasema, "ukienda kununua kitambaa kingine."