Hita ya Gari la Fundi Toa

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Toa, kwa sababu ya neno moja alilowaambia wateja tangu alipokuwa kijana. Gari likichemsha maji, alifungua boneti, akachungulia, akasema, "Adui ni hii themostati. Toa!" Basi alikitoa kile kidude cha shaba chenye springi, ambacho kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akakitupa kwenye ndoo. Nimekutana na mafundi wa imani hiyo katika kila nchi ya jua kali niliyopita, na wote husema vilevile: kwetu joto lipo bure, la kusubiriwa ni lipi? Ila sijaona aliyeamini kama yeye. Gari lake mwenyewe, dogo la buluu lililopauka, lilikuwa la kwanza kung'olewa kidude hicho.

Nilipanga chumba cha uani kwao mwaka ambao figo zake ziligoma. Mara mbili kwa wiki mkewe alimpeleka hospitali, ng'ambo ya mlima, akalazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Manesi walikuwa wameshawaeleza kwamba wagonjwa wengine hutoka pale na baridi ya ndani, ambayo blanketi haliifikii. Na njia ya kurudi ilipita katikati ya ukungu. Mkewe, ambaye nilimwita mama, alifungua hita mpaka mwisho, nayo ikawapulizia hewa kama ya friji lililoachwa wazi. Injini isiyopata moto haina cha kugawa.

Alasiri moja nilisaidia kumshusha na kumfikisha kitandani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na meno yaligongana hata hakuweza kunywa chai.

"Kesho nanunua hicho kidude," mkewe alisema.

"Kidude gani?"

"Unakijua. Ulichokitoa."

"Gari limeshazoea hivyo."

"Gari limezoea. Wewe je?"

Mzee akageukia ukutani. Mkewe alimfunika. Baadaye, uani, aliniambia kwamba haombi mengi tena. Daktari alikuwa amemweleza mambo yanakoelekea. Alitaka tu mume wake, kwa hizo safari zilizobaki, asirudi nyumbani akitetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa.

Muuza spea alidhani anataniwa. "Mke wa Toa ananunua themostati? Mama, kwani mzee yuko hai kweli?"

"Yuko hai. Ndiyo maana nanunua."

Mzee alikishika kile kipya, akakigeuza geuza. "Vya siku hizi vinatoka dukani vimeshakufa. Kitie sufuriani kwanza." Basi mama akakining'iniza kwa uzi ndani ya maji, akawasha jiko. Mzee alikaa kwenye kigoda na koti lake, macho sufuriani. Maji yalipokaribia kuchemka, kifuniko chake kidogo kilianza kuinuka, polepole, kama jicho la mtu anayeamshwa.

"Kinafunguka," alisema kwa sauti ndogo. Alikuwa ameving'oa vingi visivyo na hesabu. Sidhani kama aliwahi kukaa akaangalia kimoja kikifanya kazi.

Mikono yake haikushika spana tena, kwa hiyo kazi aliifanya mama, yeye akiwa pembeni kwenye kiti cha plastiki. Injini ilikuwa baridi. Mama akapunguza maji ya rejeta kwenye beseni, akachomoa mpira wa juu, akaanza na bolti mbili za kifuniko cha pale kidude kinapokaa. Moja ilikuwa imeshikwa na kutu.

"Usiilazimishe! Ibembeleze. Kidogo huku, kidogo huku."

"Mimi si mteja wako, usinifokee."

"Mteja angekuwa ameshalia."

Bolti ikalegea. Mama akakwangua mabaki ya gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzuia maji yasivuje, kwa kisu cha jikoni. "Springi iangalie wapi?"

"Ndani, kwenye injini. Na hako katundu kaje juu, hewa ipate pa kutokea."

Alijua kila kitu. Kwenye bolti ya mwisho alinyoosha mkono apewe spana. Ikamponyoka, ikaingia chini ya gari. Mama alilala chini akaiokota, akamrudishia mkononi, akaufumbata mkono ule kwa wake, wakakaza pamoja.

Walijaza maji, wakawasha gari rejeta ikiwa wazi, mapovu yakatoka mpaka yakaisha. Mzee aliweka kiganja juu ya mpira. Baridi. Bado baridi. Kisha ghafla akakiondoa. "Moto umekuja."

Tukamwingiza kwenye kiti cha mbele. Hewa ya moto ilikuwa ikimpiga usoni. Mkewe alikuwa ameshona sare kiwandani, ng'ambo ya mlima uleule, tangu wanawe wakiwa wadogo, akienda alfajiri na kurudi jioni kwa gari hilihili.

"Miaka yote ile," mzee alisema, "ulikuwa unapita kule na baridi ile?"

"Nilikuwa navaa sweta mbili."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia. Ukasema hita ni anasa ya watu wa maofisini."

"Nilisema hivyo?"

"Na ukacheka."

Safari iliyofuata nilikaa nyuma. Tulirudi kwenye ukungu mzito, mshale wa joto umetulia katikati. Meno ya mzee yalinyamaza. Tulipofika juu kabisa alinyoosha kidole, akageuza kitundu cha hita cha upande wake, kikamwelekea mkewe.

"Geuza kwako, baba. Mgonjwa ni wewe."

"Wewe kwanza."

Mama alikuwa anatoka jasho tangu bondeni; nililiona likimtiririka shingoni. Akaendesha hivyohivyo mpaka nyumbani.

Mzee hakuziona mvua zilizofuata.

Siku ninahama, mama alijitolea kunivusha mlima hadi kituo cha mabasi. Nilikaa kiti cha mbele. Ukungu ulitukuta palepale, na magoti yangu yakaanza kuganda. Vitundu vyote viwili vilikuwa vimemwelekea yeye. Nikanyoosha mkono nigeuze cha upande wangu.

"Hicho usikiguse, mwanangu."

Nikaurudisha mkono, nikafunga zipu ya koti mpaka kidevuni. Mama aliendesha macho yakiwa barabarani, jasho likimlowesha kola ya sweta.